Tupeane uzoefu: umewahi kumwamini kwotabeki mzee aliyeletwa kwenye timu yako ya mpira wa Kimarekani (NFL)?

TauloLaNjano (Pittsburgh)

Wakuu, salaam. Hatimaye, Juni hii ya 2025, kwotabeki Aaron Rodgers kasaini timu yetu Steelers, mkataba wa mwaka mmoja. Ana miaka 41, Desemba hii anatimiza 42. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, asubuhi nimekutwa nacheka peke yangu kwenye basi.

Najua mtakachosema. Mwaka jana niliandika hivi hivi kuhusu mkongwe mwingine, Russell Wilson. Tulikuwa tumeshinda 10 na kupoteza 3, nikaanza kutembea kifua mbele kazini. Tukapigwa mechi nne za mwisho mfululizo, na ya tano Baltimore wakatumaliza kwenye mtoano, 28–14. Mara ya mwisho sisi kushinda mechi ya mtoano ni Januari 2017, na hata siku hiyo hatukupata tachidauni hata moja, yaani kuuvusha mpira mstari wa mwisho. Ni mguu wa mpigaji wetu Boswell tu, mikwaju sita ya pointi tatu tatu, 18–16. Kitinda mimba wangu hakuwa amezaliwa.

Lakini sikilizeni. Huyu mzee mpira unampata akili imeshafika mbele. Anawasoma mabeki wakiwa bado wamesimama. Sauti yake tu inatosha: anaita, ananyamaza, anaita tena kwa ukali, beki mwenye pupa anavuka mstari kabla ya mpira kutoka, yadi tano za bure. Wapinzani wakiwa wanabadilishana wachezaji, anaharakisha, anawakamata wako 12 uwanjani. Hayo hayahitaji miguu ya kijana. Mwaka jana akiwa na Jets, timu iliyoshinda mechi 5 kati ya 17, bado alirusha tachidauni 28. Na safari hii wamemletea mdakaji DK Metcalf, jitu la miraba minne, la kumtupia.

Mama watoto kaniuliza swali moja: "Baba Neema, huyu si yule aliyevunjika?" Nikajifanya nasikiliza redio. Taulo langu la njano la kushangilia limeshafuliwa, liko kwenye kamba.

Chama lako lilipoleta mkongwe, ulijisikiaje na iliishaje?

OmogusiiWaTheluji (Brooklyn Park, Minnesota)

Buda, hapo umenigusa. 2009, kwotabeki Brett Favre alikuja kwetu Vikings. Wewe fikiria: mtu amekaa Green Bay miaka 16, kazi yake kutunyanyasa, halafu siku moja anashuka na jezi yetu ya zambarau. Ni kama Ingwe waamke wamsajili straika mzee wa Gor. Mimi niliapa sitamshangilia.

Kiapo kilidumu wiki mbili. Wiki ya tatu tunacheza na San Francisco, tuko nyuma, saa inakimbia. Mzee anasukumwa upande wa kulia, anarusha huku anagongwa, mpira unaenda yadi 32 hadi mwisho kabisa wa uwanja, na Greg Lewis anaudaka vidole vya miguu vikikwaruza ndani ya mstari. Zimebaki sekunde mbili. 27–24. Tulikuwa nyumba moja watu kama kumi na watano, na jamaa aliyekuwa anatoa chai jikoni aliiangusha sufuria yote. Hakuna aliyemuuliza. Tulikanyaga chai tukirukaruka.

Alifikisha miaka 40 msimu ukiendelea, akarusha tachidauni 33, akanyakuliwa mipira 7 tu. Halafu ikaja Januari 24, 2010, New Orleans. 28–28, tunakaribia umbali wa mpigaji wetu, na benchi letu linapeleka watu 12 uwanjani! Tukarudishwa yadi tano. Mpira uliofuata, mzee, kifundo cha mguu kimevimba, anakimbilia kulia halafu anarusha kukatiza katikati. Tracy Porter akaunyakua. Saints wakatumaliza muda wa nyongeza, 31–28. Mimi nilitoka nje bila koti. Januari. Minnesota.

Watu hapa bado wanamlaumu. Mimi namlaumu aliyeshindwa kuhesabu hadi 11.

Ushauri wangu: kula mwaka wa kwanza wote, usiweke akiba. Sisi tulimbembeleza arudi 2010, na mwaka huo hata paa la uwanja lilianguka kwa theluji.

Msimbazi_Damu (Dar)

Samahani wakuu, mimi wa kabumbu la kawaida. Huyo kwotabeki ndiyo nani kwa lugha yetu? Na mbona mnampenda kama mjomba?

TauloLaNjano

Mkuu, chukua namba kumi wako mchezeshaji, mpe na kitambaa cha unahodha, halafu kila shambulio lazima lianzie mikononi mwake huku wanaume watano wenye kilo 140 wakimtetea na wengine wanne wakitaka kumfukia. Ana kama sekunde tatu. Ndiyo maana tunawatafuta wazee.

Mtoto_wa_Bukavu (Aurora, Colorado)

Jambo ndugu zangu. Mtanisamehe Kiswahili changu, ni cha kwetu Kivu.

Mimi nilifika Denver 2012, mwaka ule ule kwotabeki Peyton Manning alifika kuchezea Broncos. Yeye alitoka Indianapolis na shingo iliyopasuliwa mara nne, mimi nilitoka kambini na begi moja. Kingereza sikujua. Kazini, mahali pa kukata nyama, kila Jumatatu watu walikuwa wanaongea yeye tu, basi nikaanza kumwangalia ili nipate la kusema.

Na neno la kwanza nililoshika vizuri kwenye televisheni ni "Omaha". Kabla ya mpira kutoka, mzee anaonyesha kidole huku, anaonyesha kule, anamgusa mwenzake bega, kisha anapiga kelele: Omaha! Omaha! Nilidhani ni jina la mchezaji. Nilimtafuta huyo Omaha kwenye migongo ya jezi mechi nne. Halafu nikasikia ni mji wa Nebraska, nikachanganyikiwa zaidi. Mechi moja na San Diego, Januari 2014, alilisema mara 44, watu walihesabu. Mzee mmoja wa kazini ndiye alinielewesha: ni neno lake la kupanga wenzake, maana yake anaweza kulibadilisha anavyotaka. Hapo ndipo nikaanza kuona mchezo. Zamani nilikuwa naona watu wanagongana.

Msimu huo wa 2013 alirusha tachidauni 55, hakuna aliyewahi kufikisha hizo. Tukaenda Super Bowl, fainali ya ubingwa. Mpira wa kwanza kabisa ukampita kichwani, pointi mbili kwa Seattle kabla sijaweka sahani chini. 43–8. Nilizima simu siku mbili.

Lakini alirudi. Februari 2016 tulichukua kombe, 24–10 mbele ya Carolina. Nisidanganye: mkono ulikuwa umekwisha, alipata yadi 141 tu, na kazi yote ni ya Von Miller na mabeki. Mzee alibebwa. Si kitu, na yeye alikuwa ametubeba. Wewe wa Pittsburgh, angalia mabeki wako kwanza. T.J. Watt yuko mzima? Basi tumaini.

KijanaWaGhuba (Tampa)

Sisi ni Tom Brady, 2020. Miaka 43. Mwezi Novemba tulikuwa tumeshinda 7 na kupoteza 5, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumtukana. Hakupoteza tena. Super Bowl tukaichukua 31–9 mbele ya Kansas City, kwenye uwanja wetu wenyewe. Napita tu.

OmogusiiWaTheluji

Wewe pita haraka.

BintiKibokoni (New Jersey)

Asalaam aleikum. Nimesoma yote nikingoja nione nani atamwambia kaka wa Pittsburgh ukweli. Basi ni mie.

Septemba 11, 2023. Jets, Monday usiku. Huyo huyo Rodgers wako katoka mbio na bendera ya Marekani mkononi, uwanja mzima umewaka. Mie nimeomba ruhusa kazini, nimewaita mashemeji, nimekanda, nimejaza, nimefunga sambusa mia na ishirini. Za kwanza ziko mafutani. Mume wangu anapiga kelele, "Njoo, ameingia!" Namwambia ngoja nizigeuze hizi, zitaungua, mzee ana msimu mzima.

Kugeuza sambusa ni dakika ngapi? Niliporudi na sahani, sebule imenyamaza kama matangani. Rodgers amekaa kwenye nyasi. Mpira wake wa nne tu tangu aingie. Kano ya kisigino imekatika. Mie sikumwona hata akirusha. Miezi yote ya kusubiri, nikaja kumwona amekaa.

Na cha kuudhi, mechi tulishinda! 22–16, kijana Xavier Gipson, hata kwenye drafti, timu zinapochagua vijana wapya, hakuna aliyemchagua, akakimbia na mpira wa mkwaju yadi 65 muda wa nyongeza. Tukala sambusa tukilia na kucheka.

Mwaka uliofuata alicheza mechi zote 17, kweli. Lakini shingo yake ilikuwa kila saa inageuka kutafuta wa kumlaumu.

TauloLaNjano

Dada, pole sana. Lakini umeona ratiba? Septemba 7, mechi ya kwanza kabisa, tunakuja kwenu. Mzee anarudi uwanja ule ule. Nimeshaomba likizo.

BintiKibokoni

Nimeiona. Njoo na taulo lako, utakaa karibu na mlango. Pilau itapikwa asubuhi, na jiko nitalizima mapema, hata chai hakuna. Safari hii simpi kisogo.