Klachi ya otomatiki kwenye pikipiki ya porini: inasaidia au inalemaza?

Wakuu, salaam. Leo nataka tubishane kidogo. Kila nikisema pikipiki yangu ya porini ina klachi ya otomatiki, hakosekani wa kunicheka: "Hiyo si ya watoto?" Nimevumilia vya kutosha. Naomba tuulizane kwa dhati: klachi (kile kinachounganisha na kuachanisha injini na gia) inayojishika yenyewe inamsaidia mwendeshaji wa njia mbovu, au inamlemaza?

Kwanza tusichanganye mambo. Kuna kwadi, zile za magurudumu manne, zinazotumia mkanda, hazina gia za kupanga kwa mguu, hizo siziongelei. Kuna pikipiki za ukoo wa Honda Super Cub ya 1958: gia unapanga kwa mguu, lakini mkono wa klachi haupo kabisa. Pikipiki nyingi ndogo za watoto ziko hivyo hadi leo, na utani wenu unatoka huko. Halafu kuna hii yangu, ya kufunga baadaye, kama zile za kampuni ya Rekluse ya Marekani. Mkono wa klachi unabaki palepale na unafanya kazi. Ila ndani, katikati ya pleti za kawaida, kuna pleti moja yenye vizito. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukazwa mafuta, vizito vimelala, klachi imeachia. Ukikaza mafuta mzunguko unavirusha nje, ile pleti inanenepa, klachi inashika.

Kinachonifanya niitetee ni vilima. Unapanda mawe legelege, tairi la mbele limegonga jiwe, mwendo umekufa. Kwa klachi ya kawaida vidole vikichelewa kidogo tu injini inazima, nawe umening'inia kwenye mwinuko, mguu hauoni pa kukanyaga. Mimi injini haizimi. Nasimama, napumua, natafuta mstari mwingine, nakaza mafuta naondoka.

Lakini sitaficha mabaya yake. Wiki ya kwanza niliteremka bonde nikafunga mafuta kama nilivyozoea, nikitegemea gia inizuie. Mzunguko ulipopungua klachi ikaachia, pikipiki ikajiweka frii yenyewe, ikashuka kama baiskeli. Nilitolewa kichakani. Tangu siku hiyo kabla ya kuteremka nakaza mafuta kidogo ili klachi ishike, na nimejifunza kuiheshimu breki ya nyuma. Ndiyo maana nasema ujuzi haupungui, unahama tu: unatoka kwenye vidole vya kushoto unakwenda kwenye mkono wa mafuta na mguu wa breki.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umejijibu mwenyewe hapo kichakani. Klachi ndiyo breki ya akili. Halafu hujataja jambo kubwa: betri ikifa mko mbali na barabara, na pikipiki haina kiki ya kuwashia kwa mguu, utafanyaje? Sisi tunaweka gia namba mbili, tunaisukuma mteremkoni, tunaachia klachi, inawaka. Yako injini ikizima klachi imeachia, sukuma mpaka jioni. Na ukiiegesha mlimani ikiwa kwenye gia, inaondoka.

Mtoa mada: La kusukuma nakubali, sina pa kujifichia. La kuegesha nafunga breki ya mbele kwa kamba ya mpira, yamekwisha. Ila "breki ya akili" ndiyo nini, ndugu yangu?

Mchangiaji wa pili: Mimi nafundisha wanaoanza, na naona swali limekaa vibaya. Anayeanza ana mambo manne ya kufanya kwa wakati mmoja, na la kwanza kulisahau ni kutazama mbele. Anatazama mkono wake. Nikimpa pikipiki isiyohitaji mkono wa klachi, saa ile ile anainua macho, anasimama sawasawa kwenye vikanyagio, anajifunza breki. Klachi nitamfundisha baadaye, na nitamfundisha kweli, kwa sababu siku moja atakabidhiwa pikipiki ya mwenzake aliyeumia aitoe porini. Ninaowalaumu ni wanaokomea hatua ya kwanza.

Na hata sheria zimeliona hilo. Katika kanuni za leseni za Umoja wa Ulaya, pikipiki ya gia za mkono ni ile ambayo mwendeshaji analazimika kuushika mkono wa klachi wakati wa kuondoka au kusimama na anapobadili gia. Ukifanyia mtihani isiyo ya namna hiyo, leseni inaweza kuandikwa namba 78, maana yake otomatiki peke yake. Porini hakuna wa kukukagua, sawa, lakini tofauti ipo.

Mchangiaji wa tatu: Nawasoma tu nacheka. Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Bila hii kitu ningekuwa naendesha kiti cha sebuleni. Endeleeni na breki zenu za akili.

Mchangiaji wa kwanza: Kaka, hapo nimenyamaza. Kwako wewe sina neno.

Mchangiaji wa nne: Mimi nazifungua hizi klachi, kwa hiyo nitasema ninachokiona mezani. Zinazokuja zimeungua ni za watu wanaopanda kwa gia kubwa. Kwa sababu injini haizimi, mtu anaona uvivu kupunguza gia. Anakwenda na namba tatu pa kwenda na namba moja, klachi inateleza muda wote, pleti zinakuwa nyeusi, oili inanuka moto. Ya kawaida ingekuzimikia, ingekukumbusha.

Mtoa mada, nikuulize. Umewahi kuipima? Ipashe moto, weka nyutro, zungushia mkono wa klachi na mpini mpira mwepesi, uondoe ule ulegevu tu. Kisha kaza mafuta ghafla. Mkono lazima usogee kidogo kuelekea mpini. Usiposogea, ile pleti haipanuki ya kutosha, klachi haishiki yote, na unaichoma bila kujua.

Mtoa mada: Fundi, nimetoka nje kupima sasa hivi. Mara tano. Mkono haujasogea hata unywele. Na hiyo harufu ya oili uliyoitaja naijua, nilidhani ni ya mwenzangu aliyekuwa mbele. Kesho naifungua.