Naomba ushauri: Chake Chake, Wete na Msitu wa Ngezi kwa siku moja

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu kuhusu safari ya Pemba. Tutakuwa watu sita, akiwemo mama yangu mwenye umri wa miaka 68, na tunakusudia kuzunguka na mwongozaji kwa siku moja tukianzia Chake Chake, penye makumbusho ndani ya ngome kongwe, kisha Wete, na hatimaye Msitu wa Hifadhi wa Ngezi, upande wa Konde.

Shida yangu ni mgawanyo wa muda. Mwaka jana huko Unguja, mwongozaji tuliyempata alitukimbiza mno msituni Jozani, mama akabaki nyuma na hakuelezwa lolote kuhusu kima punju aliotamani sana kuwaona. Sitaki jambo hilo lijirudie Ngezi, kwa kuwa kuna mivule mikubwa ya kutazamwa kwa utulivu, na pia popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingineko duniani.

Je, ni busara kuanza na msitu asubuhi, kabla ya jua kali, na kuiacha miji kwa ajili ya mchana? Njia za ndani zinafaa kwa mtu anayetembea polepole? Aidha, magofu ya Mkama Ndume kule Pujini tuyaongeze, au tuyaache? Binafsi naelekea kuyaacha, ingawa kaka yangu anayang'ang'ania.

Natanguliza shukrani kwa wenyeji wa Pemba hasa.