Tupeane uzoefu: mlioacha uandishi wa habari mkaingia ualimu hapa Uganda

Mwalimu wa Tororo
Habarini wadau. Vijana wa redio na magazeti wananiuliza kila mara namna ya kuhamia ualimu. Tuyaweke hapa wote wasome. Naanza mimi.

Nilikuwa ripota wa mkoani, nikizunguka Tororo, Busia hadi Malaba. Ripota wa mkoani hana mshahara, analipwa kwa habari iliyotoka. Ukipanda boda kufuata habari kisha mhariri akakosa nafasi, nauli imekwenda. Hayo niliyavumilia miaka. Kilichonitoa ni darasa moja la UPE, ile elimu ya msingi ya serikali kwa watoto wote, nililotumwa kuliandika: watoto wamejaa sakafuni, daftari magotini, mwalimu hana hata njia ya kupita kusahihisha. Habari ikatoka. Kesho yake gazeti linafungia mandazi sokoni, na watoto wako palepale. Nikataka kuwa yule mwenye chaki.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Ukiwa na digrii isiyo ya ualimu, lazima usome stashahada ya uzamili ya elimu ndipo usajiliwe. Kwenye maombi wanataka masomo mawili ya kufundishia, na mawasiliano ya umma hayafundishwi sekondari. Mimi niliokolewa na historia na fasihi nilizosoma chuoni. Kagua matokeo yako ya digrii kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Binti wa Arua
Asante, Mwalimu. Mimi nilikuwa nasoma taarifa ya habari kwa Kiswahili redioni. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari, shule zikaanza kutafuta walimu, na walimu hawakuwapo wa kutosha. Nikaingia chuoni nikasomea.

Raha yangu ni mtaala mpya ulioanza 2020 kwa kidato cha kwanza. Asilimia 20 ya alama za mwisho inatokana na kazi za shuleni, miradi ikiwemo. Basi nawatuma wanafunzi sokoni wakahoji wauza samaki. Wiki ya kwanza mmoja alileta kwamba bei imepanda "kwa sababu watu wanasema". Kabla sijafungua mdomo, msichana wa nyuma akamuuliza, "Watu gani? Uliongea na nani?" Jamani, nilifurahi! Redioni sikuwahi kuona habari yangu ikimbadilisha mtu mbele ya macho yangu.

Kijana wa Jinja
Mimi niseme na upande wenye machungu, maana mtu asidanganyike. Niliacha gazeti nikaingia shule ya binafsi mwanzoni mwa 2020. Machi shule zote nchini zikafungwa, zikaja kufunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Shule binafsi bila karo hakuna mshahara. Wenzangu walichoma matofali, wengine wakauza chapati.

Kilichonilisha ni ile kazi niliyoiacha. Masomo yalikuwa yanatangazwa redioni, nikapata kuandaa vipindi vya Kiingereza vya darasa la saba. Hapo nilijifunza kufundisha mtoto nisiyemwona: sentensi fupi, mfano wa nyumbani kwake, kurudia. Hadi leo nafundisha hivyo. Kwa hiyo wanaohama, msikate uhusiano na watu wa studio.

Mdau wa Mbale
Na mshahara je? Nina watoto watatu.

Mwalimu wa Tororo
Ndugu yangu, hapo inategemea somo. Serikali mwaka 2022 ilimpandisha mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wa masomo ya sanaa, kama lugha na historia, akaachwa mbali nyuma, na Juni mwaka huohuo walimu wa sanaa wakagoma. Sisi tunaotoka uandishi karibu wote ni wa sanaa. Naliona ni dhuluma, nitalisema popote: mtoto asiyeweza kusoma swali la fizikia hatalijibu.

Ila mshahara wa serikali, ukishaingia kwenye orodha ya malipo, hausubiri mhariri apate nafasi. Kwa mwenye watoto watatu hilo ni kubwa. Usiache kazi sasa. Uliza kwanza kama kuna masomo ya likizo, ukiwa bado na kipato. Una masomo gani kwenye digrii yako?

Mdau wa Mbale
Fasihi na Kiswahili.

Binti wa Arua
Kiswahili! Kaka, jaza fomu.