Sanduku la Bibi: gumzo la familia, Ijumaa mpaka Jumamosi

*Ijumaa jioni*

Dada Mkubwa: Asalaam alaykum wote. Fundi fremu anasubiri picha ya Bibi, ile kubwa ya kutundika sebuleni kwa Shangazi. Nimempelekea ya kanga nyekundu, anasema akiikuza inavunjikavunjika. Nani ana nzuri zaidi?

Ami Maskati: Waalaykumu salaam. Nilikuwa nazo nyingi mwanangu, lakini simu ilitumbukia baharini mwaka juzi na zote zikaenda nayo.

Mama Mdogo Mombasa: Mimi ninayo hiyohiyo ya kanga nyekundu. Niliipata humu humu.

Mwalimu: Waalaykumu salaam, shikamooni wakubwa. Ndiyo sababu inavunjika. Niliipiga kwa kamera, ikatoka kubwa na safi. Nilipoitupia humu, WhatsApp ikaibana ili iwe nyepesi. Mama Mdogo akawatumia wa Mombasa, kule wakapiga skrinishoti, wakaturudishia. Kila ilipopita ilichujwa. Na ile ya asili ilikuwa kwenye memori kadi iliyogoma kusoma. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mpwa Dodoma: Shikamooni. Mjomba, nipe dakika mbili.

Mpwa Dodoma: 📷 Picha

Mpwa Dodoma: Nimeipitisha kwenye akili mnemba. Tazameni ilivyotakata, hata nyuzi za kanga zinahesabika.

Mama Mdogo Mombasa: Mashaallah!

Ami Maskati: Dunia imefika mbali.

Shangazi: Huyu nani?

Dada Mkubwa: Bibi huyo, Shangazi.

Shangazi: Mama yangu nisimjue? Huyu kafanana naye tu. Kovu la nyusi liko wapi? Na mama hakuwa na meno ya juu mawili tangu mimi sijaolewa, huyu kayatoa wapi?

Dada Mkubwa: 😳 Kweli jamani. Kovu halipo.

Mwalimu: Shangazi kaona mara moja. Mpwa wangu, najua umefanya kwa mapenzi, na kazi yenyewe imekutoka vizuri. Lakini ielewe ile programu. Kwenye picha yetu uso wa Bibi ulibaki vitone vichache tu. Programu haina pa kuchukua vilivyopotea, kwa hiyo inakisia kutokana na nyuso za watu wengine ilizofunzwa. Ikaona doa juu ya jicho, ikadhani ni uchafu wa picha, ikalifuta. Ikaona mdomo umefunguka kidogo, ikatia meno. Aliyetoka hapo hajawahi kuishi Pangani wala mahali pengine popote.

Mwalimu: Ninachoogopa ni hiki: baada ya miaka ishirini mtoto wa mtoto wako atasema bibi yetu alikuwa na meno mazuri, na hatakuwepo wa kumsahihisha. Naomba uifute kwa wote.

Mpwa Dodoma: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mpwa Dodoma: Nisameheni. Shangazi Bibi, kovu lilitokana na nini?

Shangazi: Hapana kosa mjukuu wangu. Kifuu cha nazi. Alikuwa msichana, wanachezea uani, mwenzake akakirusha. Damu ikamfunika uso, mama yake akambandika majivu.

Ami Maskati: Mimi mwanawe wa kumzaa, hilo sijawahi kulisikia.

Shangazi: Hukuuliza, kaka.

Mwalimu: Shangazi, lile sanduku la bati la Bibi lipo bado?

Shangazi: Lipo uvunguni. Lina vyeti, hirizi za watoto, na vile vipande vyeusi vya mkanda vilivyokuwa vinakuja na picha zikishasafishwa. Nilitaka kuvitupa.

Mwalimu: Usivitupe, nakuomba sana! Hizo ni negativu, na hizo ndizo picha zenyewe. Zile za karatasi ni nakala tu.

Mwalimu: Usizipanguse kwa kitambaa, usiziloweshe, wala usizitie kwenye nailoni. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, ukungu unakula utando wa picha polepole. Ukiona vipande viwili vimegandana, viache hivyohivyo. Nikitoka kwenye kipindi cha Jumamosi napanda basi, saa tisa nitakuwa kwako.

Shangazi: Na ile albamu ya kurasa za gundi?

Mwalimu: Hiyo usibandue picha zake. Ile gundi hugeuka njano na kushika mgongo wa picha. Ukivuta kwa kucha inabaki nusu. Nitakuja na uzi wa kusafishia meno, unapenyezwa chini ya picha na kuvutwa taratibu kama unakata sabuni.

*Usiku*

Mpwa Dodoma: Mjomba, kwa hiyo wewe unaona zamani ilikuwa bora?

Mwalimu: La. Zamani mkanda ulikuwa na picha 36. Tulihesabu, na ukikosea mwanga unalijua kosa lako wiki ijayo. Leo mwanafunzi anakosea na kusahihisha papo hapo, na mimi ninayefundisha nafurahi. Tena kamera ya dijitali ilizaliwa ndani ya Kodak kwenyewe, kampuni iliyokuwa ikiuza mikanda. Mhandisi wao Steven Sasson aliiunda 1975. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kodak ikaendelea kuegemea mikanda, na Januari 2012 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai.

Mwalimu: Fikiria hiyo kaseti sasa. Ukiokota moja leo utaisomea wapi? Negativu haidai chaja wala nywila, unaiinua dirishani unamwona mtu.

Mwalimu: Nikupe la wiki hii. Niliwaambia Kidato cha Pili kila mmoja alete picha ya karatasi yenye umri mkubwa kuliko yeye. Darasa zima, walioleta hawakujaza madawati mawili. Wengi walisema zipo kwenye simu ya mama, na simu ya mama imekufa. Binti mmoja akaja na kadi ya mpiga kura ya marehemu baba yake. Hana picha nyingine. Kaishika kwa ncha za vidole kama anashika yai.

Mwalimu: Niliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, nikaipiga, jioni nikaisafisha saizi ya bahasha. Kesho yake kaitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, kumbe baba alikuwa na kidoti hapa?" Akagusa shavu lake. Na yeye anacho palepale.

Mama Mdogo Mombasa: Ya Rabi. 😢

Dada Mkubwa: Nimelia kwenye daladala.

Mpwa Dodoma: Sasa hizo negativu tutazioneshaje bila mashine?

Mwalimu: Kwa simu yako hiyohiyo. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, ongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho. Juu yake weka kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, mfuniko wa kontena la chakula unafaa, la sivyo utapiga vitone vya skrini. Negativu inakaa juu ya plastiki. Zima taa ya chumba, piga kwa karibu, kisha programu ya kuhariri igeuze rangi: cheusi kiwe cheupe. Na ukituma, tuma kama dokumenti. Hapo haibanwi.

*Jumamosi*

Mwalimu: Nimefika Pangani. Shangazi kaniandalia mkate wa ufuta na samaki, Mungu ambariki. Sanduku tunalo mezani.

Mwalimu: Vipande vinne ukungu umekula. Vilivyobaki ni vizima. Mtungi mzima wa kumbukumbu! Ipo na picha ya Babu ya karatasi, imepigwa Capital Art Studio ya Unguja, ile studio aliyoifungua Ranchhod Oza 1930. Mwanga ule wa pembeni ya pua, hivi ndivyo nilivyotamani kupiga tangu nianze.

Ami Maskati: Mwanangu, ya mama ipo?

Mwalimu: 📄 Bibi_pantoni.jpg

Mwalimu: Fungueni hii taratibu. Yuko kwenye gati anasubiri pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Kasimama, kapu mkononi, mtandio umepeperushwa nyuma. Ikuzeni kwenye nyusi ya kushoto.

Dada Mkubwa: Kovu!!!

Mama Mdogo Mombasa: Kovu lipo. Lipo!

Ami Maskati: Subhanallah. Ndiye yeye. Lile kapu mimi ndiye niliyekuwa nalibeba kwenda sokoni, mkono wake mmoja ulikuwa umekatika ukashonwa kwa kamba ya mkonge. Angalia, kamba inaonekana.

Mpwa Dodoma: Nimeikuza mpaka mwisho, haivunjiki. Uso unabaki uso.

Dada Mkubwa: Naipeleka kwa fundi kesho asubuhi. Mwalimu, kuna mwanamke pembeni, kakatwa nusu, kashika mtoto. Nani huyo?

Mwalimu: Sijui. Shangazi yuko jikoni, namwonesha sasa hivi.

Shangazi: 🎤 Sauti (2:47)

Mwalimu: Msioweza kuisikiliza, kwa ufupi: ni shoga yake Bibi wa upande wa Bweni, yule yule aliyerusha kifuu. Walikaa bila kusemezana mpaka wote wawili walipoolewa, kisha hawakuachana tena. Kila Jumatano Bibi alikuwa anavuka kumpelekea samaki. Mtoto aliyeshikwa ni Shangazi mwenyewe.

Shangazi: Kanga niliyofunikwa ilikuwa ya kijani. Hapo haionekani rangi, muiandike.

Mwalimu: Nikishaisafisha ya karatasi, naandika mgongoni kwa penseli laini, wino hupenya ukatokea mbele. Kijani. Shangazi, kijani cha majani au cha bahari?

Shangazi: Cha embe bichi.