"Get ni kupata": huu uongo utafundishwa mpaka lini?

Wakuu, salaam. Naomba nitoe la moyoni, maana limenikaa kooni muda mrefu.

Nimechoka na huu mtindo wa kumwambia mtu anayejifunza Kiingereza kwamba "get" ni kupata, basi, tuendelee na neno lingine. Vitabu vya wanaoanza, notisi za kozi, zile orodha za maneno muhimu zinazosambazwa kwenye magrupu, programu za simu, kote ni mstari huo huo mmoja. Mtu anakariri, anapata vema kwenye zoezi, halafu siku anakutana na Kiingereza chenyewe anabaki ameduwaa.

Hebu tuangalie pamoja. "I got a letter", sawa, nimepata barua. "I got home", nimefika nyumbani. "I don't get it", sielewi. "It's getting dark", giza linaingia. Mtu akibisha hodi ukaambiwa "get the door", unatakiwa ukafungue. "I've got a car", nina gari. "I've got to go", sina budi kuondoka. Kupata kuko wapi hapo zaidi ya kwenye ile barua? Na bado hujafika kwenye vile vineno vinavyofuata nyuma yake. "Get by" ni kubangaiza maisha yakaenda. "Get away with" ni kufanya kosa na usiguswe. "Get over" ni kupona ugonjwa, au kumtoa moyoni mtu aliyekuacha. Huwezi kuyafikia haya kwa kuunganisha kupata na kihusishi, hata ukeshe.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki. "I got my phone repaired" na "I got my phone stolen". Zitazame vizuri. Mpangilio ni ule ule, neno kwa neno. Ya kwanza nimempelekea fundi simu akanitengenezea, tena kwa kutaka kwangu. Ya pili nimeibiwa. Ongeza "get fired", kufukuzwa kazi, na "get him to pay", kumfanya alipe. Yaani hapa "get" inafanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa mnyambuliko: lipa, lipwa, lipisha. Mwanafunzi wetu anaijua dhana hii tangu utotoni! Angeambiwa tu kwamba Kiingereza hakina kiambishi hicho ndiyo maana kinaazima "get", angeelewa siku hiyo hiyo. Hakuna anayemwambia.

Matokeo yake ni haya. Mdogo wangu alitumiwa fomu ya maombi yenye maelekezo mafupi: "Get this form signed and return it." Akasaini yeye mwenyewe, akarudisha. Walichotaka ni asainiwe na msimamizi wake. Fomu ikarudishwa, muda ukapita, nafasi ikaenda. Eti akaambiwa awe anasoma maelekezo. Aliyasoma! Alisoma kila neno, kwa maana aliyofundishwa.

Na msije na ile hoja kwamba ni jambo dogo, mtoto atazoea mwenyewe. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa ya lugha yake mwaka 1755, alilalamika kwenye utangulizi wake kuhusu vitenzi hivi hivi: get, set, go, run, take na wenzao. Alisema maana zake zimelegea na kutawanyika kiasi kwamba ni vigumu kuzifuatilia. Wahariri wa kamusi ya Oxford walipoipitia upya "run" walitenganisha maana 645 za kitenzi hicho kimoja, na kazi hiyo ilichukua miezi tisa. Mabingwa hao wamehangaika hivyo, halafu wewe mwalimu unanipa neno moja la Kiswahili na kupiga mstari chini?

Kingine: mtu anaandika "gotten" anakatwa alama, anaambiwa hilo si neno. Ni neno, tena la zamani, lilitumika Uingereza kabla Waingereza wengi hawajaliacha. Marekani linaishi na lina kazi yake: "I've gotten a car" ni nimepata gari, "I've got a car" ni ninalo. Sema mtihani unafuata Kiingereza cha Uingereza, nitakuelewa. Usiseme halipo.

Mtu atasema hata Kiswahili tunayo "piga". Ndiyo, na ndiyo hoja yangu! Piga simu, piga pasi, piga picha, piga magoti, piga chafya. Nani alikufundisha "piga" kwa kukukaririsha kwamba ni kuchapa? Ulilipokea likiwa na mwenzake, ukaliweka kichwani hivyo hivyo. "Get" nayo ifundishwe hivyo: na mwenzake, ndani ya sentensi, makundi machache kwa wakati. Kufika, kuwa, kuelewa, kufanyiwa. Kupata iwe moja kati ya hizo.

Walimu wa Kiingereza mliomo humu, nataka majibu yenu. Nani aliamua mstari mmoja unatosha, na kwa nini toleo jipya la kitabu likitoka linabadilishwa jalada tu na ukurasa huo haubadilishwi?