Tupeane uzoefu: kumbi na vibanda vya burudani mtaani kwenu, yepi yalikukuta?

Mkwe wa Mbagala:
Wakuu, jana nimepita Rangi Tatu nikakuta ule ukumbi wetu wa nyuma ya soko umegeuzwa stoo ya mchele. Nimeduwaa pale mpaka bodaboda akaniuliza, "Braza, twende au?" Ngoma ya mdundiko inayozunguka mitaani, muziki wa mnanda, kibanda umiza cha kulipia kuona mpira, bendi za Jumapili, disko toto. Tiririkeni.

Mzaramo halisi:
Mdundiko ukipita unaacha ndoo bombani. Ukija kushtuka uko Mtoni kwa Aziz Ali, miguu imejaa vumbi, nauli huna, na nyumbani bibi keshaandaa fimbo.

Tandika Maguruwe:
Na fimbo yenyewe ya mpera 😂

Kipa namba tatu:
Kibanda umiza, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2005, Liverpool na Milan. Mapumziko 3-0, nusu ya watu wakaenda kulala. Mimi nikabaki kwa uchungu wa kiingilio tu. Kipindi cha pili dakika sita, mabao matatu, watu tunapanda juu ya mabenchi! Zinakuja penalti, jenereta likazima. Mwenye kibanda akasema anakimbilia petroli. Mpaka leo hajarudi.

Sikinde damu:
Nyie watoto. Burudani ilikuwa ukumbi wa DDC Kariakoo, bendi ya Sikinde Ngoma ya Ukae, shati limepigwa pasi ya mkaa. Hakuna bendi iliyofikia.

Baba ya muziki:
Anza na heshima, mzee. Bendi yetu ya Msondo wameanza 1964 wakiitwa NUTA Jazz. Nyie mmezaliwa 1978, tena kwa kumchukua mwimbaji wetu Gurumo.

Sikinde damu:
Alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Mtu haondoki kwenye raha.

Baba ya muziki:
Na kwenu mbona aliondoka?

Mkwe wa Mbagala:
Wazee wangu, fungueni uzi wenu basi.

Dada Yombo:
Mmetaja disko toto nikaacha kupika. Niseme yangu.

Ilikuwa Idi Pili, niko darasa la nne. Sisi wa Temeke Idi ilikuwa nguo mpya, viatu vya kung'aa, kuzunguka kwa mashangazi kukusanya hela, halafu disko. Mama alinikabidhi mdogo wangu wa miaka sita: "Usimwachie mkono." Ukumbi siutaji. Usiku ni wa watu wazima, mchana wanatujaza sisi. Mlango mmoja, mwembamba, na jamaa wa mlangoni kaufunga kwa ndani ili wasioingia kwa tiketi wasipenye. Huku dirishani wanaendelea kuuza tiketi.

Umeme ukakatika. Mwanzoni tulishangilia, mnajua watoto wa Dar na umeme. Kisha mtu akapiga kelele "nyoka!" Nyoka gani, hata sijui. Wote tukaelekea mlangoni. Nilibanwa mpaka miguu haigusi sakafu, kiatu kimoja kikaenda, joto kama la tanuri la mkate, mdogo wangu namsikia analia lakini simwoni, nimebaki na kiganja chake tu kwenye mkono wangu. Baadaye hata kulia akaacha.

Aliyetuokoa ni fundi baiskeli wa nje. Alipiga nyundo yale matofali ya matundu ya ukutani mpaka pakapatikana tundu, akawa anatuvuta mmoja mmoja kama anatoa magunia. Mdogo wangu alitoka kalegea, wakammwagia maji ya muuza kashata, akatapika, akauliza soda yake iko wapi. Hakuna aliyekufa siku ile. Jamaa wa mlangoni hakuonekana tena, na hela zetu nazo.

Idi ya 2008 niliposikia redioni habari za watoto waliofariki kwenye disko kule Tabora, nilizima redio. Nilijua hasa walivyojisikia.

Tandika Maguruwe:
Dah. Pole dada.

Kipa namba tatu:
Huyo fundi yupo? Tumchangie hata soda.

Dada Yombo:
Alishatangulia. Mama alimpelekea pilau kila Idi mpaka mwisho.

Mjuaji wa Kigamboni:
Wazazi wenu walikuwa wapi lakini? Mtoto wa darasa la nne analea mwenzake ukumbini?

Mzaramo halisi:
Wewe ulikulia nchi gani? Sote tulilelewa hivyo. Usimkere dada wa watu.

Mkwe wa Mbagala:
Sasa niulize, maana wanangu wameshaanza kuniimbia habari za Idi. Niwapeleke wapi?

Baba ya muziki:
Popote, ila angalia kwanza milango mingapi na inafunguka upande gani. Kaa nao karibu na mlango.

Tandika Maguruwe:
Mlangoni ndiko wanakobanwa, mzee! Hujasoma hapo juu? Wakae ukutani.

Mjuaji wa Kigamboni:
Coco Beach, hewa ya bure.

Dada Yombo:
Coco siku ya Idi? Utarudi na watoto wa watu.

Kipa namba tatu:
Lipia king'amuzi, nunua petroli mwenyewe.

Sikinde damu:
Waleteni kwenye dansi wajifunze muziki.

Baba ya muziki:
Kwa hili tu naunga mkono. Ila iwe Msondo.