Naomba ushauri: vigae vya koki jikoni
Wakuu, habari za jioni. Nipo Leicester, Uingereza, fleti ya chini, sakafu ya zege. Kipindi cha baridi jikoni hapakanyagiki bila soksi, na mama watoto marumaru hataki kabisa kuyasikia. Nimevutiwa na koki, ile ile ya vizibo vya chupa, gome la mti linalovunwa sana Ureno. Ukiikanyaga inabonyea kidogo na haina ule ubaridi wa zege.

Kinachonichanganya ni aina. Kuna vigae vya kubandika kwa gundi, milimita 4, na kuna vipande vya kupachikana vyenyewe, milimita 10 hivi. Fundi ananisukumia hivi vya kupachika, eti kazi inaisha haraka. Mimi nawaza maji ya sinki: katikati ya vile vipande kuna mbao za kusagwa, zikilowa zinavimba. Vya gundi unapaka vanishi juu, maungio yanaziba.

Sasa karibu na mlango wa uani zege lina unyevunyevu, hadi rangi ya ukuta inabanduka pale chini. Nitibu kwanza, au kuna cha kupaka chini ya gundi kikatosha? Na friji haitaacha mashimo? Mliowahi kuweka, vanishi mnarudia baada ya muda gani?